Kutoka Unyafuzi hadi Kiribatumbo: Historia ya Utafiti na Tiba ya Unene Uliokithiri wa Watoto kwa Mtazamo wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utafiti na tiba ya unene uliokithiri wa watoto yakiiangalia kutoka Afrika Mashariki, eneo ambalo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilifahamika katika sayansi ya lishe kwa sababu ya utapiamlo wa upungufu. Hoja kuu ni kwamba zana tulizorithi kutokana na vita dhidi ya unyafuzi, yaani vipimo, kadi za kliniki na msamiati, ziliundwa ili kumtambua mtoto anayekonda. Kwa hiyo hazimtambui kwa wepesi mtoto anayenenepa kupita kiasi. Makala yanaonyesha pia kwamba historia hiyohiyo imetuachia kielelezo cha tiba, hasa katika hospitali ya Mulago, ambacho kinafaa kuzingatiwa na watunga sera wa leo. Mwisho, yanapendekeza hatua nne zinazohusu upimaji, istilahi, utafiti na tiba.

1.0 Utangulizi

Mwezi Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, idadi ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri duniani imeipita ile ya wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Mwaka 2000 wenye unene uliokithiri walikuwa takribani asilimia 3, na wenye uzito pungufu karibu asilimia 13. Ripoti hiyo ilitaja maeneo mawili ambako mpishano huo haujatokea, nayo ni Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuipokea habari hiyo kwa namna mbili. Anaweza kusema kwamba jambo hili ni la wengine, na kwamba sisi bado tunapambana na udumavu. Au anaweza kuuliza kwa nini sisi ni miongoni mwa waliobaki, tutabaki hivyo kwa muda gani, na tumejiandaa vipi. Makala haya yanachukua njia ya pili. Mwandishi si daktari bali ni mtafiti wa lugha, na mchango wake umejikita katika swali moja: tulijifunza kumtazama mwili mtoto kwa maneno na vipimo gani, na maneno na vipimo hivyo vinatusaidia au kutuzuia kiasi gani katika kulikabili tatizo jipya?

2.0 Mtoto Mkondefu katika Utafiti wa Awali

Utafiti wa lishe katika eneo letu ulianza na mwili uliopungukiwa. Mwaka 1931 Orr na Gilks walichapisha uchunguzi wao uliolinganisha afya na maumbile ya Wamaasai na Wakikuyu nchini Kenya, wakihusisha tofauti walizoziona na chakula cha kila jamii. Wakati huohuo, magharibi mwa Afrika, Cicely Williams alikuwa akiwatibu watoto mjini Accra. Mwaka 1933 alieleza ugonjwa uliowapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi, na mwaka 1935 akautaja kwa jina alilolikuta katika lugha ya Kiga: kwashiorkor. Kwa maelezo yake, jina hilo humaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayezaliwa.

Jambo hilo lina uzito kwetu wanaisimu. Wenye lugha walikwisha kuona kwamba ugonjwa huu hufuata kuachishwa ziwa, na uchunguzi huo waliuhifadhi ndani ya jina. Kiswahili nacho kina neno lenye nadharia ndani yake. Kitenzi kubemenda humaanisha kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa sababu wazazi wake hawakuushika mwiko wa kujitenga wakati wa kulea. Mtoto aliyebemendwa ni yule anayekonda na kukosa nguvu huku lawama ikiwaelekea wazazi, na mara nyingi mama. Istilahi za baadaye, unyafuzi kwa kwashiorkor na nyongea kwa ukondefu mkali, ziliondoa lawama hiyo kwa kuutaja ugonjwa wenyewe bila kumtaja wa kulaumiwa. Utanzu huu wa msamiati ulikua kwa sababu mtoto mkondefu alionekana, alihofiwa na alizungumzwa. Mtoto mnene hakuwa na msamiati wa ugonjwa kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mgonjwa.

Madaktari wa wakati huo nao waliona hivyo. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda na kuondoka mwaka 1958, alishirikiana na Davies na Dean kuandika kitabu cha mwaka 1954 kilichokuwa rejeleo kuu la unyafuzi. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kingine kuhusu maradhi yasiyo ya kuambukiza barani Afrika. Baadaye, akiwa na Denis Burkitt aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, alidai kwamba unene uliokithiri, kisukari na shinikizo la juu la damu vilikuwa nadra miongoni mwa wagonjwa wao Waafrika, na kwamba viliingia pamoja na vyakula vilivyokobolewa na kupungukiwa nyuzinyuzi. Kitabu chao cha mwaka 1975 kilieneza hoja hiyo duniani. Hivyo, sehemu ya nadharia ya kimataifa kuhusu chakula na unene ilitokana na yaliyoonekana katika wodi za Kampala. Hata hivyo, wagonjwa waliowazungumzia hasa walikuwa watu wazima. Kwa mtoto wa Mulago, swali lilibaki kuwa amepungukiwa na nini.

3.0 Kituo cha Mwanamugimu

Katika miaka ya 1950 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliendesha Mulago kitengo maalumu cha kuchunguza utapiamlo wa watoto wachanga, kikiongozwa na Dean. Tiba ya hospitalini iliyojengwa juu ya maziwa iliokoa watoto wengi, lakini ilikuwa na kasoro iliyojitokeza punde: mtoto aliyepona alirudi nyumbani kwenye chakula kilekile, na wengine walirudishwa hospitalini wakiwa katika hali ileile. Aidha, mama aliyemwona mwanawe akifufuka kwa maziwa ya unga alikuwa na sababu ya kuamini kwamba dawa iko kwenye kopo na chupa.

Jibu lilikuwa kuanzishwa kwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu mwaka 1965. Hapo mama alikaa na mwanawe, akajifunza kuandaa chakula cha mchanganyiko kiitwacho kitobero kutokana na vitu vipatikanavyo sokoni na shambani, akamlisha mwenyewe, na akayaona kwa macho yake mabadiliko ya mtoto. Mafunzo hayakuwa nyongeza ya tiba. Yalikuwa ndiyo tiba yenyewe.

Jina la kituo linastahili kuangaliwa. Kwa Kiganda, mwana mugimu ni mtoto mwenye siha, na kivumishi hichohicho husemwa kuhusu udongo wenye rutuba. Mtoto mzuri ni yule aliyestawi. Kiswahili kina mtazamo unaokaribiana na huo: husemwa mtoto amenawiri, ana afya, amejaa, ana mwili. Katika mazungumzo ya kila siku, kusema kwamba mtu ana afya mara nyingi humaanisha kwamba ni mnene. Maneno haya yalikuwa sahihi katika wodi ya unyafuzi, ambako kila gramu iliyoongezeka ilikuwa hatua ya kutoka kaburini. Tatizo ni kwamba hayana kikomo. Hakuna mahali ambapo kunawiri hugeuka kuwa jambo jingine.

4.0 Kadi, Mkanda na Mstari Unaopanda

Kilichotokea katika lugha kilitokea pia katika vipimo. David Morley, akifanya kazi Nigeria, alibuni kadi ya ukuaji inayoonyesha njia ya mtoto kuelekea kwenye afya: mama huja kliniki, mtoto hupimwa uzito, na nukta huunganishwa kuwa mstari. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya mtoto Makerere, aliandika mwongozo uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1966 kuhusu namna ya kutathmini lishe ya jamii, na upimaji wa mzingo wa mkono wa juu ulipata nafasi ndani yake. Kadi na mkanda vikawa zana za kliniki na vijiji kote katika kanda yetu.

Zana hizi zimeokoa maisha, na makala haya hayakusudii kuzibeza. Lakini kila chombo hupima kile kilichoundiwa. Kadi ya uzito kwa umri ilifundishwa kwa kauli fupi: mstari ukipanda, vizuri, ukilala, tahadhari, ukishuka, hatari. Kauli hiyo haina fungu la nne. Mkanda wa mkono una rangi tatu: nyekundu chini ya milimita 115, njano hadi 125, na kijani kwa kila kipimo kinachozidi hapo. Mtoto mwenye mkono wa milimita 150 na mwenye mkono mnene kupita kiasi huwekwa pamoja katika kijani.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Uzito kwa umri hautofautishi urefu. Mtoto aliyedumaa, ambaye ni mfupi kuliko inavyostahili, anaweza kubeba mafuta mengi mwilini na bado nukta yake ikaangukia katikati ya njia ya kadi. Upungufu wa urefu unaficha ziada ya uzito, na ziada ya uzito inaficha upungufu wa urefu. Katika nchi ambako udumavu ni wa kawaida, mtoto wa aina hii hupita mbele ya mhudumu akiandikiwa kuwa hana tatizo, ilhali ana mawili.

Marekebisho ya kimataifa yalikuja taratibu. Jedwali la marejeo lililotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 lilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wakiwa wamelishwa maziwa ya kopo. Mwaka 2006 WHO ilitoa viwango vipya vilivyojengwa juu ya uchunguzi wa watoto wapatao 8,500 kutoka Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, walionyonyeshwa na kulelewa katika mazingira mazuri. Accra, mji ambako Williams alilipata jina la unyafuzi, ulikuwa miongoni mwa vituo, Muskati pia. Viwango hivi vinaeleza namna mtoto anavyopaswa kukua popote alipo, na vilifanya ziada ya uzito ionekane pale ambapo jedwali la zamani liliificha. Mwaka 2007 vilifuata viwango vya miaka 5 hadi 19, vinavyotumia fahirisi ya uzito wa mwili, yaani kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita. Uwiano huo ulitokana na kazi ya Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika karne ya 19, na Ancel Keys aliupa jina lake la sasa mwaka 1972.

Mtunga istilahi anapaswa kujua kwamba mipaka haifanani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, uzito huhesabiwa kuwa umezidi unapopita mikengeuko sanifu 2 juu ya thamani ya kati ya uzito kwa urefu, na kuwa unene uliokithiri unapopita 3. Kwa wa miaka 5 hadi 19 mipaka ni 1 na 2. Kwa hiyo ripoti inayotaja “watoto wanene” bila kueleza umri na kipimo haiwezi kulinganishwa na nyingine, hata kama zote zimeandikwa kwa Kiswahili fasaha.

5.0 Tezi, Mama na Jeni: Chanzo Kilivyotafutwa Kwingineko

Wakati Afrika Mashariki ilipokuwa ikichunguza unyafuzi, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakibishana kuhusu chanzo cha unene wa watoto. Tangu Alfred Fröhlich wa Vienna alipoeleza mwaka 1901 kisa cha mvulana mnene mwenye uvimbe karibu na tezi ya pituitari, watoto wengi wanene walidhaniwa kuwa na hitilafu ya tezi na wakapewa dawa za homoni. Hilde Bruch, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia New York katika miaka ya 1930, aliwapima watoto hao na kukuta kwamba wengi walikuwa warefu na waliokomaa vyema kuliko wenzao, jambo ambalo halikuafikiana na nadharia ya tezi. Aliondoa dhana moja, lakini akaelekeza macho kwenye uhusiano wa mama na mtoto. Lawama ikahama kutoka kwenye kiungo cha mwili hadi kwa mzazi.

Msomaji ataona hapa ufanano na kubemenda. Huko mama alilaumiwa kwa mtoto aliyekonda. Kule alilaumiwa kwa mtoto aliyenenepa.

Sayansi ya miaka ya 1990 ililegeza lawama hiyo kwa kiasi. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York ilitambua homoni ya leptini, inayoupa ubongo habari kuhusu akiba ya mafuta. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge waliripoti watoto wawili, binamu, waliokosa leptini tangu kuzaliwa na waliokuwa na njaa isiyokwisha. Mwaka 1999 walieleza jinsi mmoja wao, msichana wa miaka 9, alivyopungua uzito baada ya kutibiwa kwa homoni hiyo. Visa vya namna hii ni vichache sana, lakini vilithibitisha jambo kubwa: hamu ya kula huongozwa na mwili, na utashi una mipaka. Hata hivyo jeni hazikubadilika katika kizazi kimoja. Watafiti waliokusanya takwimu za dunia walikadiria kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri waliongezeka kutoka milioni 11 mwaka 1975 hadi milioni 124 mwaka 2016. Kilichobadilika ni chakula, bei yake, matangazo yake, na namna mtoto anavyoutumia mwili wake.

Uhusiano wa njaa na unene nao ulichunguzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1976 kuhusu wanaume ambao mama zao walipitia njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 ulionyesha kwamba waliokumbwa na njaa hiyo katika miezi ya mwanzo ya mimba walikuwa na unene uliokithiri zaidi walipofikia ujana. Kazi za David Barker nchini Uingereza zilihusisha uzito mdogo wa kuzaliwa na maradhi ya moyo ya ukubwani. Kwa kanda yenye udumavu mwingi, matokeo haya yana maana ya moja kwa moja: mtoto aliyepungukiwa mwanzoni ndiye anayeweza kudhurika zaidi chakula cha ziada kinapomfikia baadaye. Vita dhidi ya udumavu na vita dhidi ya unene havishindanii mtoto; vinamhusu mtoto yuleyule katika nyakati mbili.

6.0 Madhara Yanayoambatana

Kwa muda mrefu unene wa mtoto ulidhaniwa kuwa jambo litakalopita. Uchunguzi wa Bogalusa katika jimbo la Louisiana, ulioanzishwa na Gerald Berenson mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliwafuatilia watoto kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba dalili za mwanzo za kuziba kwa mishipa ya damu huanza utotoni. Mwaka 1996 madaktari wa Cincinnati waliripoti kwamba kisukari cha aina ya pili miongoni mwa vijana wao kiliongezeka mara kumi kati ya 1982 na 1994. Ugonjwa huo ulikuwa ukiitwa kisukari cha watu wazima, na jina likalazimika kuachwa kwa sababu wagonjwa hawakuwa tena watu wazima pekee.

Kwa madhara hayo huongezwa shinikizo la juu la damu, mafuta kwenye ini, kukatika kwa pumzi usingizini, pumu kuwa kali zaidi, matege na kuteguka kwa kichwa cha mfupa wa paja kwenye nyonga. Mengine hayaonekani kwenye vipimo: kutaniwa shuleni, kujitenga na michezo, kula kwa siri. Haya huzidisha unene badala ya kuupunguza.

7.0 Unene kama Ushahidi wa Uzima

Historia ya kanda yetu iliongeza tabaka jingine la maana. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walieleza katika jarida la kitabibu ugonjwa mpya uliojulikana kwa wananchi kwa jina la slim, kwa kuwa ulimkondesha mgonjwa. Ugonjwa huo ulikuwa UKIMWI. Kwa zaidi ya miongo miwili, kukonda kulizua maswali, na maswali yalizua unyanyapaa. Mwenye mwili mnene alikuwa, machoni pa majirani, ametoa ushahidi kwamba hana.

Haiwezekani kumshauri mama ampunguze mtoto wake uzito bila kukumbuka kwamba huenda yeye au wazazi wake waliishi katika miaka hiyo. Anaposikia “apungue,” anaweza kusikia “aonekane mgonjwa.” Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takribani nusu ya wazazi wa watoto wenye uzito uliozidi huukadiria uzito huo kuwa mdogo kuliko ulivyo. Kwa hiyo tabia hii ni ya wazazi popote. Bali sababu zake hapa kwetu zina historia yake, na mshauri asiyeijua ataichukulia kuwa ujinga.

8.0 Hali ya Kanda na Tatizo la Istilahi

Takwimu za kitaifa zinaonyesha picha yenye pande mbili. Uganda mwaka 2016 ilikuwa na asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa na asilimia 4 wenye uzito uliozidi. Tanzania mwaka 2022 ilikuwa na asilimia 30 na 4. Kenya mwaka huohuo asilimia 18 na 3. Burundi, katika uchunguzi wa 2016 hadi 2017, udumavu ulifikia asilimia 56. Mtunga sera anayeziangalia namba hizi atasema kwamba unene ni suala dogo, na kwa umri huo hajakosea. Lakini chunguzi hizo huishia miaka 5. Wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 24 nchini Uganda mwaka 2016, na asilimia 33 nchini Kenya mwaka 2014. Kati ya mtoto wa miaka 4 na mwanamke wa miaka 30 kuna kipindi kirefu ambacho hatukipimi kwa utaratibu. Utafiti wa kimataifa uliowahusisha watoto wa miaka 9 hadi 11 katika nchi 12, Nairobi ikiwa kituo kimojawapo, ulionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini unene ulielekea zaidi kwenye familia zenye uwezo, kinyume cha nchi tajiri. Historia ya nchi nyingine inaonyesha kwamba mwelekeo huo hugeuka kadiri vyakula vya viwandani vinavyokuwa rahisi kuliko matunda na mboga.

Katika hali hiyo, tunasema nini kwa Kiswahili? Tanzania imezoea kiribatumbo, pamoja na uzito uliozidi. Kenya hutumia zaidi unene wa kupindukia au unene kupita kiasi. Utipwatipwa nao hutumika. Kila neno lina mzigo wake. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Kuunganishwa kwake na tumbo kunatoa picha ya mtu mzima mwenye kitambi, ilhali mafuta ya mtoto mara nyingi yameenea mwilini na tumbo lake si kigezo. Utipwatipwa una sauti ya dhihaka, na mtoto aliyetaniwa kwa neno hilo hawezi kulisikia kama jina la ugonjwa. Unene wa kupindukia unaeleweka na wote, lakini hauna kipimo ndani yake: kupindukia nini? Na utapiamlo, ambao wataalamu sasa wanaujumuisha pamoja na ziada, masikioni mwa wananchi bado humaanisha njaa. Ofisa anapotangaza mpango wa kupambana na utapiamlo, mzazi wa mtoto mnene haoni kwamba anaambiwa yeye.

9.0 Tiba: Kutoka Hospitalini Kurudi Nyumbani

Tiba iliyothibitishwa kwa muda mrefu zaidi ni ile inayoihusisha familia nzima. Leonard Epstein na wenzake nchini Marekani waliwagawa watoto katika makundi, na mwaka 1990 wakaripoti hali yao baada ya miaka 10. Watoto waliotibiwa pamoja na mzazi walikuwa wamepunguza kiwango cha uzito uliozidi kwa asilimia 7.5, ilhali wale wa kundi la ulinganisho walikuwa wameongezeka kwa asilimia 14.3. Waliotibiwa peke yao walikuwa katikati. Chakula kiligawanywa kwa rangi za taa za barabarani, na mzazi alibadili mlo wake sambamba na mtoto.

Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2023 unapendekeza angalau saa 26 za ushauri wa ana kwa ana kwa familia, katika miezi 3 hadi 12. Dawa kuanzia miaka 12. Na rufaa ya upasuaji kuanzia miaka 13 kwa wenye hali kali. Kuhusu dawa, jaribio la mwaka 2022 la semaglutidi kwa vijana 201 lilionyesha fahirisi ya uzito ikishuka kwa asilimia 16.1 katika wiki 68, huku waliopewa sindano isiyo na dawa wakibaki karibu palepale. Haya ni mafanikio ya kweli. Lakini ni sindano ya kila wiki yenye gharama kubwa, na kwa watu wazima imeonekana kwamba uzito hurudi kwa sehemu kubwa dawa inapoachwa.

Mhudumu wa kituo cha afya katika kanda yetu hana saa 26 kwa familia moja, na bajeti haina nafasi ya sindano hizo kwa watoto wengi. Anacho, hata hivyo, kielelezo cha Mwanamugimu: mlezi anashirikishwa, chakula ni cha sokoni, somo hufanyika jikoni, na kundi la wazazi hujifunza pamoja. Misingi hii ndiyo iliyokuja kuthibitishwa na Epstein kwa njia nyingine. Kinachobadilika ni kilichomo kwenye sahani na mwelekeo wa mstari. Kwa mtoto mdogo mara nyingi lengo si kupunguza kilo bali kuzuia zisiongezeke haraka, ili urefu uufikie uzito. Shabaha hii ni rahisi kumweleza mama kwa Kiswahili bila kumtia hofu: mtoto hakondeshwi; anasubiriwa arefuke.

10.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba jamii zetu zilijenga elimu kamili ya mtoto mkondefu, yenye majina, vipimo na tiba, na kwamba elimu hiyo ilifaulu kiasi cha kuyaficha mambo ambayo haikuyalenga. Makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kliniki za watoto zipime urefu kila zinapopima uzito, na shule zifanye hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Bila urefu hatuwezi kumwona mtoto mwenye matatizo mawili. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iliyoko Bujumbura, zikae meza moja kusanifisha istilahi: uzito uliozidi kwa kiwango cha kwanza na unene uliokithiri kwa cha pili, zote zikiambatana na umri na kipimo. Kiribatumbo kibaki kwa unene wa tumbo wa watu wazima. Tatu, watafiti wanaotafsiri hojaji wasiulize tu kama mtoto ni mnene au ana afya, kwa kuwa maneno hayo yanajibu swali jingine. Waonyeshe picha za maumbo ya miili au waeleze vipimo, na wayafanyie majaribio maneno yao kwa wazazi wa Kampala, Kigali, Mwanza na Mombasa kabla ya kuyatumia. Nne, vituo vya lishe vilivyopo vipewe jukumu la pande zote mbili, upungufu na ziada, badala ya kuanzisha kliniki za unene mijini zitakazowafikia wenye uwezo pekee.

Gharama ya kutofanya haya itaonekana katika wodi za kisukari na za figo, na itawaangukia watu ambao leo wako darasa la tatu. Watoto hao hawajapimwa urefu tangu walipomaliza chanjo.